Meli Ikiondoka, Iache Iondoke

Ekiru mwanangu,

Umetoka kwenda kuwaaga wenzako, na mimi nimebaki hapa na begi lako miguuni. Nimelifunga, nikalifungua, nikalifunga tena. Mambo ya sabuni na blanketi na kupiga simu ukifika hutayakuta katika barua hii. Hayo dada yako amekuimbia wiki nzima mpaka umeanza kumkimbia. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu Kiturkana chetu nimekizungumza maisha yangu yote ila kukiandika sikufundishwa. Na naandika badala ya kusema kwa sababu kuna jambo mimi na wewe tumelizunguka tangu mwaka jana. Tunakula pamoja, tunacheka, na likitaka kuingia mmoja wetu anainuka kwenda kuangalia mbuzi.

Kazi uliyopata Mombasa nimeielewa. Meli kubwa inatia nanga asubuhi, wageni wanashuka, jioni lazima wawe wamerudi ndani. Kwa siku hiyo moja wewe ndiye utakayewaonyesha ngome na mji wa kale na chochote watakachotaka. Ulikuwa unacheka ukinieleza. "Mama, watu wanazunguka dunia nzima halafu kila mahali wanakaa siku moja!" Mimi sikucheka, ukaniuliza kama mkono unaniuma. Haukuwa unauma. Nilikuwa namkumbuka Achol.

Wewe unamjua Achol kama yule dada Msudani aliyekaa nasi wakati wa matanga. Siku aliyouawa baba yako umeisikia kwa watu wa stendi, na watu wa stendi hawakuwepo. Mimi nilikuwepo. Basi nisikilize.

Unakumbuka nilikuwa naongoza wageni wanaokuja kwa boti. Walikuwa wakianzia ng'ambo ya mashariki ya ziwa, kule kunakochimbwa mifupa ya watu wa zamani sana, kisha boti inawaleta hadi Ferguson's Gulf. Pale baba yako anawapakia kwenye landrova, wanakuja kulala Lodwar. Kesho yake wana siku moja ya kuona Turkana. Kabla jua halijazama wawe wamerudi botini, kwa sababu nahodha alitaka kuvuka kabla upepo haujaanza kupiga.

Siku hiyo moja mimi nilikuwa naijaza kama gunia la makaa. Mawe ya kale yaliyosimama karibu na Kalokol, wasusi wa vikapu, samaki wa kuchoma, ngoma, soko la mifugo, tena nilitaka wapande kilima waone mji. Nilijivunia. Wageni walikuwa wanashuka garini, wanapiga picha, wanapanda garini. Nikiwauliza jioni wamependa nini, wanatazamana, halafu mmoja anasema, samaki. Miaka yote hiyo sikujiuliza kwa nini ni samaki. Ni kwa sababu wakati wa kula ndipo walipokuwa wamekaa.

Achol alikuja na kundi kama hilo. Alikuwa nesi huko ng'ambo, amesafiri na watu wa kazini kwake. Wenzake wote wazungu, yeye mrefu, mweusi, kimya. Jioni ile nilipokuwa nawasomea mpango wa kesho, aliinuka akanifuata nyuma ya jiko la hoteli, akaniambia kwa Kiswahili cha Kakuma kabisa:

"Mama, mimi hizo mawe sitaki. Hizo nitaona kwa simu. Mimi nataka Kakuma."

Nikashtuka. "Unaijua Kakuma?"

"Nimekulia pale, kambi ya wakimbizi. Mama yangu amezikwa pale. Sisi tulipelekwa ng'ambo mimi nikiwa mtoto wa shule, sijarudi tena. Hawa wenzangu hawajui. Wanafikiri mimi ni mtalii kama wao."

Nikamwambia haiwezekani. Barabara ya Kakuma ilikuwa imekwisha, lami imebaki vipande, na katikati kuna majambazi. Kwenda na kurudi na kuwahi boti, siku haitoshi. Baba yako alikuwa amechutama pale anapiga mswaki, akatema, akasema, "Mama Ekiru, mtu anakuomba kaburi ya mama yake, wewe unamwambia habari ya programu?"

Ndivyo alivyokuwa. Tukatafuta gari jingine la kuwapeleka wale wengine kwenye mawe, na alfajiri sisi watatu tukaondoka.

Kwenda tulikwenda salama. Achol alikaa mbele katikati yetu, akawa anauliza majina ya laga tunazovuka, mito yetu hii ya mchanga, kama mtu anayehakikisha hakuna kilichohamishwa. Tulipofika kambini kaka yake aliyebaki pale, Deng, alikuwa ameshapigiwa simu, anatungoja mbele ya duka lake. Wakashikana wasiachane. Halafu Deng akaanza. Alitaka dada yake aone duka, aone kanisa jipya, aone shule, asalimie mchungaji, asalimie majirani ambao walikuwa tayari wamekaa kwenye viti vya plastiki wamevaa nguo za Jumapili. Nikamwona anafanya kazi yangu ileile, na kwa mara ya kwanza nikaiona inavyoonekana kwa mtu anayefanyiwa. Achol alikuwa anageuzwageuzwa kama mtoto anayevishwa shati.

Akamshika kaka yake mkono. "Deng, kaburi kwanza. Nikishafika pale, hata nikirudi bila kuona kitu ingine ni sawa."

Makaburi yalikuwa yamemezwa na vichaka vya mathenge. Deng mwenyewe hakuwa na hakika ni lipi. Baba yako alichukua panga kutoka garini, akavua shati, akaingia kwenye miiba ile bila kuombwa, akafyeka mstari mzima huku damu inamchuruzika mikononi. Msalaba wa chuma ukaonekana, umelala chini. Akausimamisha, akaushindilia kwa jiwe, kisha akaondoka akakaa mbali.

Achol alikaa mchangani pale. Hakupiga picha. Aliongea kwa lugha yao, taratibu, sauti ya mtu anayesimulia habari za kawaida tu, nani kaolewa, nani kazaa. Mara moja nilimsikia anacheka. Nimewatembeza wageni wengi, Ekiru, sijamwona mwingine aliyefika mahali kama yeye alivyofika pale. Ukiwa Mombasa na mtu ana siku moja mikononi mwako, muulize amekuja kwa ajili ya nini kabla hujaanza kumwonyesha unachokijua wewe. Wengine hawajui. Wape nafasi wakae, watajua.

Tulikula kwa Deng, kisra, ule mkate wao mwembamba, na mchuzi wa bamia. Ndipo ikaja habari ya kurudi.

Magari yalikuwa yakisindikizwa na polisi siku zile. Msafara ungeondoka Kakuma baadaye, mabasi yakishajaa. Tukiungoja, boti ingeondoka bila Achol. Deng akasema, "Ngoja msafara. Wiki iliyopita watu wamepigwa risasi pale katikati." Baba yako akalitazama jua, akanitazama mimi, kwa kuwa wageni walikuwa wangu. Achol akasema waziwazi, "Mama, iache hiyo boti iende. Nitapata basi."

Mimi ndiye niliyesema twende.

Sikutaka nahodha anitukane, sikutaka wale wenzake wafike botini waseme mama wa Lodwar ametupotezea mtu. Mwenye safari alikuwa tayari kuachwa. Mimi nilikuwa na hofu kwa niaba yake. Hili nimelisema kwa wazee wa ukoo wa baba yako mbele ya kila mtu, nawe ulikuwepo, kwa hiyo silileti kama habari mpya. Nalileta kwa sababu huko uendako kila jioni mtu atatazama saa akuambie kimbiza, meli inaondoka. Meli ikiondoka, iache iondoke. Meli ni chuma, ina bandari nyingine mbele.

Walitungoja kwenye laga moja pana, pale gari linapolazimika kupunguza mwendo ili lisizame. Walikuwa wamepanga mawe mchangani. Baba yako aliyaona, akasema neno moja tu, "Laleni," akatia gia ya kurudi nyuma. Risasi ya kwanza ilipasua kioo chote. Ya pili ilimwingia chini ya shingo. Sikujua kama amepigwa. Nilijua tu kwamba mikono yangu imelowa na ni ya moto. Gari likazima.

Walitoka nyuma ya migunga, nyuso zimefungwa kwa shuka, macho tu. Ngoroko, majambazi wa kwetu, watu wetu wenyewe. Walikuwa wanaongea Kiturkana changu mimi. Mmoja alifungua mlango akanivuta kwa shanga za shingoni mpaka zikakatika, nikaanguka kifudifudi. Nikamsalimu kwa lugha yetu, "Ndugu yangu, ejok, mimi ni wa hapa." Akanipiga kitako cha bunduki mdomoni. Yale meno mawili yalibaki kule. Nilipojaribu kuinuka akanipiga risasi begani, karibu sana, mpaka nguo ikashika moto, nikaizima kwa kujigaragaza mchangani.

Achol walimtoa kwa mlango uleule. Walimpiga sana. Walitaka pesa za dola, hakuwa nazo, zilikuwa hotelini. Wakampiga kwa sababu hakuwa nazo. Mmoja alimkanyaga mkono akamvunja vidole viwili, nilivisikia. Hakulia. Alikuwa anahesabu kwa sauti, kwa lugha ya huko kwao kwa sasa, ndivyo alivyoniambia baadaye, ili asizimie.

Halafu baba yako akafungua mlango. Mpaka leo sijui alipata wapi nguvu. Damu ilikuwa imeshafika kwenye viatu. Alishuka, akasimama kwa kulishika gari, akatembea kuelekea kwa yule aliyekuwa amemkanyaga Achol. Hakuwa na kitu mkononi. Akasema, "Mwacheni mgeni." Wakampiga risasi nyingine kifuani. Akakaa chini polepole, mgongo kwenye gurudumu.

Lori lilisikika mbali, upande wa Lodwar, na wale watu wakachukua simu na mikoba na panga wakaingia vichakani. Achol, kwa mkono ule wa vidole vilivyovunjika, alimburuta baba yako hadi kiti cha nyuma, akanisukuma mimi ndani, akaendesha. Upepo wote unaingia mbele, hakuna kioo, yeye anapasuka midomo na kufumba macho kwa vumbi. Mimi nilikuwa nimempakata baba yako kichwa. Alifariki kabla hatujafika kwenye lami nzuri. Hakuacha maneno, Ekiru. Watu wa stendi wamekutungia maneno ati alisema mlipize. Hakusema. Alikuwa ananitazama, kisha hakuwa ananitazama.

Boti iliondoka jioni ileile na upepo wake. Unajua kilichotokea kwa sababu Achol hakuwemo? Hakikutokea kitu. Alibaki, akafungwa vidole kwa vibao, akalala kwetu, akakoroga ugali kwa mkono mmoja, akazika nasi. Kisha akapanda basi kama mtu mwingine yeyote.

Sasa nafika pale tunapopaogopa.

Ilikuwa baada ya mazishi. Natoka hospitali kubadilishwa bandeji, Achol amenishika kiuno, tukasikia makelele upande wa soko la mifugo. Nilizijua kelele zile. Nilizisikia nikiwa msichana kule Namoruputh, siku wavamizi wa ng'ombe walipomuua baba yangu na watu wetu wakamkamata mmoja wao wakamuua. Siku ile nilikuwa miongoni mwa waliopiga vigelegele. Nilikuwa mdogo kuliko wewe, na nilifurahi, na furaha ile iliponitoka haikuniacha na kitu chochote. Baba yangu alikuwa bado amekufa.

Walikuwa wamemfunga mtu mikono nyuma kwa kamba ya mbuzi. Mtu mzima, mwenye ndevu, mchuuzi wa mbuzi kutoka Nakalale. Kosa lake lilikuwa kwamba hakuna aliyemjua na alikuwa na shuka kama zile za majambazi. Tairi lilikuwa shingoni tayari. Harufu ya petroli ilinifikia kabla sijawaona.

"Mama Ekiru amefika! Aseme mwenyewe!"

Wakanisogeza mbele. Mtu mmoja akamshika yule bwana nywele akamwinua uso. "Ni huyu? Angalia vizuri, ni huyu?"

Niliangalia. Wale walikuwa wamefunga nyuso. Nilikuwa nimeona macho tu, na macho ya mtu anayeua na ya mtu anayeuawa hayafanani hata yakiwa ya mtu mmoja. Nikasema kweli yangu. Nikasema, "Sijui."

Lile "sijui" lilitosha kumuua. Hawakusikia kwamba sijui. Walisikia kwamba sikukataa. Jiwe likaja kutoka nyuma likampasua jicho la kushoto. Nikasikia watu wanasema, "Maliza! Maliza!" Nikageuka kuona wanamwambia nani, nikakuona wewe.

Ulikuwa na nondo mkononi. Ulikuwa na damu kwenye shati la shule, na haikuwa yako. Ulikuwa umeshampiga. Haya, nimeliandika.

Ndipo nikajitupa juu yake. Nikapiga kelele, "Si huyu! Mimi niliwaona, si huyu!" Nilisema uongo, Ekiru, kwa sauti yangu yote, na nitausema tena kesho wakinileta mbele ya mtu mwingine. Rungu la mtu lilinishukia kwenye bega lenye jeraha. Petroli iliniingia mdomoni. Nikawaambia kama ni kiberiti kiwashwe na mimi nikiwa hapahapa. Achol alikuwa amepiga magoti anamshika yule mtu kichwa, anaziba jicho kwa kitambaa chake, anawatukana kwa lugha zote alizokuwa nazo. Tukabaki hivyo mpaka polisi wakafyatua hewani, watu wakatawanyika.

Polisi walimweka siku kadhaa wakamwachilia. Hawakupata kitu. Kama alikuwa kule lagani au hakuwa, sijui, na nimekubali kwamba sitajua.

Tangu siku ile unanikwepa. Unafikiri nikikutazama naona nondo imeinuka. Nimeiona, siwezi kukudanganya. Lakini wewe hukujitazama, mimi nilikutazama. Nilipogeuka ulikuwa umeiinua mara ya pili. Nyuma yako wanakuita kwa jina, wanakuambia ni haki yako, ni damu ya baba yako. Ukamtazama yule mtu. Ukaishusha. Ukaiweka chini, hukuitupa, kisha ukasimama pale mikono mitupu na watu wanakusukuma uwapishe, na hukuwapisha. Hii ilikuwa kabla mimi sijapiga kelele. Mimi nilipata ujasiri kwa kukuona wewe. Mwaka mzima nimengoja uniulize nikuambie, nawe umengoja nikugombeze.

Sikuandika ili nikusamehe. Kwa hilo hukunikosea mimi. Yule mtu anaitwa Ebei. Amerudi kwenye biashara yake ya mbuzi, anakaa upande wa mnada karibu na bomba la maji, na mimi hununua kwake. Basi lako la Kitale linaondoka kesho mchana. Asubuhi yote ni yako, na najua utataka kuijaza. Shangazi, kanisani, wenzako wa mpira, kinyozi. Hao wote watakuwepo ukirudi Krismasi.

Jana nilimwendea Ebei nikamwambia mwanangu anasafiri, huenda akapita. Alijua ni nani. Alimaliza kumfunga mbuzi kamba. Halafu akasema, "Aje. Lakini umwambie asimame huku upande wa kulia. Ule mwingine sioni, na mimi nataka nimwone."

Mama yako